Bakuli la Kichina Nililolilisha Uji

Mfuniko wangu wa Kichina umekufa, na aliyeuua anakula wali wangu kila siku huku ananitazama usoni.

Msinijibu bado. Nimechukua daftari la shule la mmoja wenu, nimekaa kwenye kigoda changu, naandika. Nikisema kwa mdomo mnaitikia "ndiyo bibi" kabla sijamaliza, halafu mnakimbilia mpira. Mimi nilisoma miaka miwili tu kwa wamisheni, wakanifundisha kusoma, kuhesabu na kukaa kimya kanisani. Atakayecheka herufi zangu, kesho ataandika yeye na mimi nitacheza mpira.

Juzi niliukuta mfuniko uani, umepinduliwa, umejazwa maji, vifaranga wanakunywa. Mfuniko uliotoka Uchina! Nikayamwaga maji, nikauosha mfuniko, nikaugonga kwa ukucha kama ninavyougonga kila ninapoufuta vumbi. Siku zote hulia kama kengele ndogo, mlio unakwenda mbali kabla haujaisha. Juzi ulisema "ko", kama mtu anayegonga boga. Nikauinua kwenye mwanga. Ufa upo, mwembamba kama unywele, kuanzia kwenye kishikio mpaka ukingoni.

Nikauliza nani. Kimya. Mama zenu wakamgeukia Tumpe, msichana wa kazi, kwa kuwa yeye ndiye anayeosha vyombo, na tangu siku hiyo mtoto wa watu anaosha huku machozi yanadondokea kwenye beseni. Tumpe anasema si yeye. Mimi namwamini. Nimeosha vyombo vya watu miaka mingi kuliko umri wa baba zenu, kwa Mdachi na baadaye kwa Mwingereza, na mkono unaovunja naujua hata ukijificha mfukoni. Lakini sitataja jina. Nitawaeleza habari za bakuli lililokuwa chini ya mfuniko huo, na za mzee aliyelipia kimya changu kwa mgongo wake. Someni mpaka mwisho, msiruke.

Wakati wa Mdachi meli ilikuwa inatia nanga Mwaya, na shehena yote ya upande huu wa ziwa ilishukia pale. Bwana mmoja Mdachi alikuwa na ghala na nyumba ya bati karibu na gati, akaleta mke kutoka Ulaya. Mimi nilitoka Ikombe, kwetu Wakisi, ambako msichana asiyejua kufinyanga huulizwa anaumwa nini. Mama yangu alikuwa mfinyanzi hasa. Vyungu vyangu mimi viliegemea upande kama walevi watokao kwenye pombe. Mama alinivumilia misimu miwili, kisha akasema, "Wewe Mungu amekupa mikono ya kuosha, si ya kufinyanga." Akanipakia kwenye mtumbwi pamoja na vyungu vyake mpaka Mwaya. Jioni vyungu vyote vilikuwa vimepata wenyewe, na mimi pia.

Aliyenipokea jikoni ni mpishi, Mzee Feruzi, mtu wa Kilwa, mwembamba, mwenye kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuiona chafu. Ufunguo wa kabati la vyombo ulining'inia shingoni mwake, na Bwana alikuwa amemwambia mbele ya watu wote wa nyumba: kikivunjika chombo, sitauliza nani, nitamwita mwenye ufunguo. Kiboko cha Bwana kilitundikwa nyuma ya mlango wa ghala. Kila mtu alijua kilipo.

"Binti," Mzee Feruzi aliniuliza, "umewahi kuosha sahani?"

"Nimeosha vyungu, Mzee."

"Chungu na sahani ya Kichina ni kama nyati na swala. Wote wana pembe. Mengine utayaona."

Nikayaona. Vyombo vya mke wa Bwana, yule tuliyemwita Bibi, vilikuja kwenye sanduku la mbao lililoshindiliwa nyasi kavu, vimepita bahari, vimepita mito ya Zambezi na Shire, vimebebwa kichwani, vimepanda meli, na ndani ya sanduku zima kilivunjika kikombe kimoja tu. Ninyi mnavunja viwili kutoka mezani mpaka kwenye beseni. Vilikuwa vya nyanya yake Bibi, ambaye watu wake walikuwa mabaharia. Sahani, vikombe visivyo na mkono, birika, na bakuli kubwa la supu lenye mfuniko. Vyeupe kama yai, vimechorwa kwa buluu: nyumba yenye paa lililopinda pembe kwenda juu, mti wenye majani yaliyolala, daraja, na mtu juu ya daraja ameshika fimbo ya kuvulia samaki. Ukingoni kuna mstari wa dhahabu. Mama yangu alipoiona ile picha alisema, "Mvuvi gani huyu, anavua amesimama na viatu?"

Mzee Feruzi alinifundisha kazi ambayo ninyi nimewafundisha mara mia na mara mia mmeitupa. Chini ya beseni tandika kitambaa. Maji yawe vuguvugu, si ya moto, na kamwe usitoe chombo kwenye moto ukakitia kwenye baridi. Osha kimoja, kipanguse, kiweke, ndipo ushike kingine. Birika lishike tumboni, usilishike mkono, maana mkono wa birika ni kwa ajili ya mgeni tu. Katikati ya sahani na sahani weka kitambaa. Na kila chombo, kabla hakijarudi kabatini, kigonge kwa ukucha.

"Kikilia, kizima," alisema. "Kikinyamaza, kina ufa hata kama huuoni."

Hapo nikacheka, nikamwambia hilo hata mtoto wa Ikombe analijua, mama zetu hugonga vyungu mbele ya mnunuzi. Akanitazama.

"Kumbe mnajua kitu huko kwenu."

"Tunajua, Mzee. Na ninyi Kilwa mnafanya nini na vyombo hivi?"

"Tunajengea ukutani. Hata makaburini. Huko havioshwi na binti wa mfinyanzi, ndiyo maana vimekaa miaka mingi."

Hivyo ndivyo tulivyozoeana, kwa kutukanana asubuhi na kucheka mchana. Kosa langu la kwanza lilikuwa majivu. Kwetu chombo husuguliwa kwa majivu kikang'aa, basi nikasugua kikombe mpaka mstari wa dhahabu ukaondoka wote. Bibi akakigeuza mkononi, akageuza tena. Kiswahili chake kilikuwa kifupi kifupi. "Dhahabu iko wapi?" Mimi nikatazama ndani ya beseni, kana kwamba itaelea. Bibi alicheka siku hiyo, na nadhani kicheko chake ndicho kilichoniharibu. Nilidhani nimekwisha kufanya kosa langu, hakuna jingine.

Sasa bakuli.

Bibi alishikwa na homa, akapelekwa milimani Rungwe kupata hewa. Kabla hajaondoka alituagiza kwamba Jumapili ya kurudi kwake bwana mkubwa wa boma atakula pale na mkewe, na supu itaandaliwa kwenye bakuli kubwa, kwa mara ya kwanza tangu lishuke melini. Jumatatu Mzee Feruzi akaenda Busale kutafuta mchele na kuku wa wageni. Aliniachia ufunguo nifute vumbi. Kufuta vumbi tu, aliniambia hivyo kwa Kiswahili kilichonyooka.

Sikilizeni jinsi mtu mwenye bidii anavyoharibu. Kwetu Ikombe chungu kipya hakianzi kazi na njaa. Kikishatoka motoni hulishwa kwanza: unakitia uji mwembamba wa ulezi, unakiweka kwenye mafiga, uji unachemka mpaka unamwagika ukingoni, udongo unakunywa, matundu yanaziba. Usipokilisha, kitakunywa mchuzi wako wenyewe na kitavuja mbele ya wakwe. Mimi nikalitazama lile bakuli la Kichina, kavu, safi, halijawahi kuonja kitu chochote tangu lifike. Nikalionea huruma. Nikasema Jumapili litamwaibisha Bibi. Wallahi, kama alivyozoea kusema Mzee Feruzi, nililionea huruma!

Nikapika uji, nikaumimina, nikalipandisha kwenye mafiga juu ya makaa. Nikakaa kando na mwiko, nimejaa sifa, nasubiri uchemke. Uji haukuwahi kuchemka. Bakuli lilisema "ti!" mara moja tu, sauti ndogo, kama kijiti kilichokanyagwa. Kisha nikaona mstari wa uji unatambaa nje, unapita katikati ya daraja, unapita miguuni mwa yule mvuvi, unadondoka kwenye makaa.

Mzee Feruzi alirudi alasiri na tenga la kuku kichwani. Akaniona nimelipakata bakuli mapajani kama mtoto mgonjwa.

"Umefanya nini?"

"Nimelilisha, Mzee."

"Umeli... nini?"

"Nimelilisha uji. Lilikuwa jipya."

Alishusha tenga akalikalia, kuku wakapiga kelele, wala hakuwasikia. Akasema, taratibu sana, "Binti, bakuli hili halina kiu. Lilishibishwa kwao, kwenye tanuri ambalo moto wake ukiutazama unapofuka. Limekwisha kula moto wote wa dunia. Wewe umelipa uji."

Nililia. Hapo ndipo yeye naye alipokosea, kwa upole wake. Kwao pwani alikuwa ameona watu wakiuchemsha ufa kwa maziwa. Akalitumbukiza bakuli kwenye sufuria kubwa ya maziwa, moto mdogo, kuanzia asubuhi ya Jumanne mpaka mchana, na kweli, ufa ukajaa, ukapotea machoni. Akalipangusa, akalirudisha kabatini, upande wa ufa akaugeuzia ukutani.

"Nyamaza," aliniambia. "Kabati lina mlango, na mdomo una mlango."

Nami nikanyamaza. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Bibi akarudi Ijumaa, amepona, ametuletea viazi vya milimani, nikamsalimu na kunyamaza. Mnajua kunyamaza kwa namna hiyo kulivyo? Mnajua, mmoja wenu anajua vizuri. Unakula na chakula hakina chumvi. Kila mtu akielekea kabatini unamwahi, unamuuliza anataka nini. Nilijua bakuli lile haliwezi kubeba supu ya moto. Nilijua likipasuka mezani, mwenye ufunguo ataitwa, na mwenye ufunguo si mimi. Nikajiambia labda halitapasuka. Labda!

Jumamosi mama yangu akaja na vyungu vyake, akapita uani kwetu kama desturi yake. "Ugonile," akamsalimu Mzee Feruzi kwa Kinyakyusa cha soko, naye akaitikia, "Nimeamka salama, mama." Kisha akanitazama mara moja.

"Gwe mwana, umekula nini kimekukaa kooni?"

Nikamwambia yote, pale pale, nimepiga magoti kati ya vyungu. Akasema nimletee. Mzee Feruzi akasita, akafungua kabati, akalitoa. Mama aliligonga kwa kifundo cha kidole.

Ko.

"Limekufa," alisema.

"Halionekani, mama," alisema Mzee Feruzi.

"Nimekuambia linaonekana? Nimekuambia limekufa. Ulilipa maziwa, likaamka?"

"Hapa si Ikombe, mama. Hapa kuna kiboko nyuma ya mlango."

"Na kesho supu ikimwagikia mapajani mwa mke wa bwana mkubwa, kiboko kitakuwa kimehama?"

Mama akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa ya ukali, jambo lililonitisha zaidi. "Kwetu chungu kilichokufa hakirudi rafuni. Aliyekiua anakitoa mwenyewe mchana kweupe, anakigonga watu wasikie. Ukikificha, umemuua na atakayekinunua."

Mara Bibi akatokea barazani, maana alipenda vyungu vyetu kwa maji ya kunywa. Mama akafanya kama afanyavyo kwa kila mnunuzi: akainua chungu, akakigonga karibu na sikio la Bibi, kikalia. Akainua cha pili, kikalia. Bibi akatabasamu, akachagua cha pili. Mama akanitazama, akasogea kando.

Nikalichukua bakuli la Kichina. Nikaweka mfuniko chini, nikaligonga bakuli mbele ya Bibi.

Ko.

Tabasamu likamfutika usoni. Akaligonga mwenyewe. Akaligonga tena, kama mtu anayebisha nyumba ambayo wenyewe wamehama. "Nani?"

"Mimi, Bibi. Nililiweka motoni. Mzee alikuwa Busale."

"Lini?"

Hapo ndipo ulimi ulipokuwa mzito. "Jumatatu."

Bibi alihesabu kwa vidole. Jumatatu, mpaka Jumamosi. Akalinusa bakuli. Akauliza kwa nini linanuka maziwa.

Ningesema ni mimi pia. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Lakini Mzee Feruzi alivua kofia yake akasema, "Maziwa ni yangu, Bibi."

Bwana aliitwa kutoka ghalani. Kuhusu kupasuka, Bibi alimwambia mtoto amesema mwenyewe, basi, na mimi nilitolewa kwenye kazi ya kabati masika yote nikasugue masufuria. Lakini kuhusu kuficha, Bwana hakusikia la mtu. Alitaka viboko ishirini na tano. Bibi alisimama mlangoni pa ghala, wakasemezana Kidachi kwa muda mrefu, mwisho vikawa vitano. Mzee mwenye mvi. Nilivihesabu kutoka jikoni.

Kwa hiyo msijidanganye kwamba alipigwa kwa sababu ya bakuli. Alipigwa kwa zile siku nilizonyamaza. Ningesema Jumatatu ile ile, bakuli likiwa bado na joto la uji, wala maziwa yasingechemshwa. Nimelifikiria jambo hili nikiwa msichana, nikiwa mke, nikiwa mjane, na kila nikilipima linatoka vile vile.

Jioni ile alirudi jikoni, akavaa aproni yake, akaendelea kukatakata vitunguu vya Jumapili amesimama. Sikuweza kumtazama. Akasema bila kugeuka, "Binti, njoo unigonge mgongo, usikilize kama bado nalia."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Hakunikaripia hata siku moja. Kama angenikaripia ningepumzika.

Supu ya wageni ililetwa mezani kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa cheupe, na bwana mkubwa alikula sahani tatu, hakuuliza lolote. Mama, kabla hajarudi mtumbwini, alinitilia jiwe mkononi nilivunje lile bakuli mwenyewe, kama desturi. Bibi akasema hapana. Akalichukua, akaliweka juu ya kabati, akatilia vifungo na nyuzi. Wazungu hukaa na vyombo vilivyokufa, sijui kwa nini. Miaka yote niliyobaki pale nilipita chini yake na lilinitazama.

Vita vilipofika, na askari wa Mwingereza wakavuka mto Songwe, Bwana na Bibi walifunga masanduku kwa haraka. Wakati wa kufunga, bakuli likafunguka lenyewe vipande viwili, pale pale kwenye ufa wangu. Bibi alivitupa vipande. Mfuniko akanipa mimi. Alisema, "Huu unalia bado." Ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kwake. Mzee Feruzi alichukuliwa na msafara kama mpishi, akaenda nao kusini, na hakuna aliyeniletea habari zake tena.

Sasa mnajua kwa nini nilikuwa naugonga. Mlidhani bibi anacheza.

Mtu mmoja ndani ya nyumba hii anaona Tumpe analia juu ya beseni, naye anatafuna. Ana siku tatu sasa. Mimi nilikuwa na sita, kwa hiyo bado ana nafasi ya kuwa bora kuliko mimi. Kiboko sina. Mfuniko hautarudi rafuni. Nimeuweka barazani, na kando yake nimeweka jiwe. Aje mchana, mbele ya Tumpe, augonge tusikie wote, aseme "ni mimi", kisha auvunje kwa mkono wake mwenyewe. Sitalia. Nimekaa na mfuniko ule miaka mingi, na bado ningependa kuusikia ukivunjika kuliko kula tena na mtu aliyenyamaza.

Vifaranga watafutieni kigae.